Uzi: Vitabu vya sauti vya upelelezi na vya kihistoria. Msomaji anamficha muuaji au anamuuza?

Mshona Suti (Mwanjelwa, Mbeya)

Wakuu, shikamooni kwa mnaostahili, wengine mambo vipi.

Jukwaa limejaa nyuzi za "nipendekezeeni kitabu". Mtu anauliza, watu wanamwaga majina, hakuna anayesema kitabu fulani kizuri kwa lipi na kibaya kwa lipi. Mimi nataka tubishane. Nashona. Kutwa macho na mikono viko kwenye kitambaa, kilichobaki bila ajira ni masikio, kwa hiyo vitabu vyangu karibu vyote vinapita huko. Na nasikiliza aina mbili tu: riwaya za upelelezi na riwaya za kihistoria. Za mapenzi na za "tajirika ukiwa umelala" nimewaachia wenyewe.

Hoja yangu naiweka mwanzoni ili mwenye haraka aanze kupinga mapema. Kwenye upelelezi wa kusikiliza, mwandishi anaweza kumficha muuaji kwa akili zake zote, halafu msomaji akamuuza sura ya tatu. Ukisoma kwa macho, kila mtuhumiwa unampa sauti wewe mwenyewe, na kwa kuwa hujui kitu unawatendea wote sawa. Msomaji wa kitabu cha sauti ameshakimaliza kitabu kabla ya kuwasha maikrofoni. Anajua. Na mtu anayejua hupata taabu sana kujifanya hajui, hata pale anapotamka tu "karibu ndani".

Kuna rekodi moja, jina nalihifadhi, yumo mtumishi ambaye kazi yake ni kufungua mlango na kupokea makoti ya wageni. Wote mle wamesomwa kawaida, ila huyu kapewa sauti nyororo ya kuvutavuta pumzi. Nikasema kimoyomoyo: wewe. Mwisho wa kitabu, ndiye. Mwandishi alimtandazia msikilizaji mitego ya kila aina, barua, saa iliyosimama, dirisha lililoachwa wazi, na yote ilikuwa kazi bure kwa sababu ya pumzi ya mtu mmoja studio.

Wanaoijua kazi hawafanyi hivyo. Chukueni vitabu vya Agatha Christie vilivyosomwa na Hugh Fraser, yule aliyeigiza Kapteni Hastings, rafiki wa mpelelezi Poirot, kwenye tamthilia ya Poirot iliyoanza 1989. Anabadilisha sauti kidogo tu, kiasi cha kukujulisha nani anaongea, basi. Mwenye hatia na asiye na hatia wote anawapa heshima ileile ya baridi. David Suchet, Poirot mwenyewe wa kwenye tamthilia hiyo, naye amesoma baadhi. Ni burudani, sikatai, lakini kwangu mimi Poirot wake anajaa chumba kizima mpaka watuhumiwa wanakosa pa kukaa. Unamsikiliza yeye, fumbo unalisahau.

Kwa Sherlock Holmes sina mjadala mrefu: Stephen Fry. Kasoma mkusanyiko wote, hadithi fupi 56 na riwaya 4, zaidi ya saa 70. Hadithi fupi za Conan Doyle zinafaa masikio kuliko kitu kingine chochote cha upelelezi, kwa sababu watu ni wachache. Anakuja mteja, anaeleza shida yake, Holmes anaangalia viatu vyake, wanapanda treni, imekwisha. Nakuwa sijamaliza hata kupachika bitana. Christie yeye anakuwekea watu kumi kwenye nyumba moja, wote wana vyeo na wote walikuwa bustanini saa tatu usiku. Ukisoma kwa macho unarudisha ukurasa. Kwenye sauti utarudisha wapi na mikono ina kitambaa cha mteja? Mimi nimeweka dawa: naandika majina ya watuhumiwa kwa chaki pembeni ya meza ya kukatia. Kuna mteja alikuja kuchukua suti akakuta jina linalofanana na lake limepigwa mstari wa kukata, akaniuliza kama nimemkasirikia.

Naendelea na za kihistoria baadaye, kuna mtu anataka kupimwa.

Dereva wa Semi

Dada, uzi umetulia, nimekaa siti ya mbele kabisa. Mimi ni Dar hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900, na muziki umenichosha. Ila nauliza, hizo hadithi fupi zinaisha haraka mno. Nikianza Chalinze nataka nifike Mafinga bado mtu hajakamatwa. Halafu nikifika mlima Kitonga nazima kila kitu, pale naisikiliza injini tu. Nina wasiwasi nikiwasha tena juu nitakuwa nimesahau nani alikufa.

Chai ya Mufindi

Mkuu Mshona Suti umesahau kitabu kikubwa kuliko vyote kwenye hoja yako mwenyewe. The Murder of Roger Ackroyd ya 1926. Hicho ndicho kipimo cha msomaji, kwa sababu muuaji ni *[Sehemu ya ujumbe huu imeondolewa na Moda. Usirudie.]* kwa hiyo unaona mwenyewe msomaji alivyo mtegoni.

Mshona Suti

Chai ya Mufindi, una bahati Moda yuko macho. Kitabu cha mwaka 1926 hakikupi ruhusa ya kukimwaga mbele za watu. Kuna binti wa kidato cha tano mahali fulani atakifungua kwa mara ya kwanza mwakani.

Lakini hoja yako ni ya kweli, na naweza kuiunga mkono bila kumtaja mtu. Sikiliza mara mbili. Mara ya pili sikiliza msomaji anapita vipi kwenye sentensi zile ambazo mwandishi ameziacha na tundu katikati. Msomaji mbaya anatua pale kidogo, anakukonyeza. Msomaji mzuri anapita kama hakuna kitu. Nilipoisikiliza mara ya pili niliacha kushona, na mimi siachi kushona kirahisi.

Kaka Dereva, unataka kirefu? Riwaya ya Holmes inayobeba safari ni The Hound of the Baskervilles ya 1902. Ina ukungu, ina matope yanayomeza farasi, ina mbwa anayelia usiku. Na kuhusu kusahau: ina watu wachache na mahali ni pamoja, kwa hiyo hata ukizima Kitonga utawakuta hukohuko ulikowaacha. Kama bando ni tatizo, nenda tovuti ya LibriVox. Ilianza 2005, wasomaji wanajitolea, wanasoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha kwa sheria za Marekani. Ni bure, unapakua MP3 kwa bando la usiku unaweka kwenye simu. Ila chagua toleo la msomaji mmoja. Yapo yaliyogawanwa kwa watu wengi, kila sura mtu wake. Sura ya kwanza Watson, rafiki wa Holmes anayesimulia, ni mzee wa Uingereza, ya pili ni kijana wa Marekani mwenye mafua, ya tatu nyuma yake kuna jogoo.

Mwalimu Tukuyu

Mwagonile. Nimeusoma uzi huu mara mbili na naomba kutia mchanga kwenye kitumbua. Kusikiliza si kusoma. Mwanafunzi wangu akiniambia amesoma riwaya, nataka awe ameona neno lilivyoandikwa na sentensi ilivyojengwa. Masikioni mambo yanapita. Pili, Mshona Suti, umeandika aya saba za upelelezi na hujamtaja Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya zetu wenyewe. Mtanzania gani huyu?

Mshona Suti

Shikamoo mwalimu.

La kwanza nakubaliana nawe nusu. Kinachopotea kipo na nimekitaja, kurudisha ukurasa. Kinachopatikana hujakitaja: mimi Kiingereza changu ni cha kidato cha nne cha shule ya kata. Nikifungua kitabu kinene cha Kiingereza, ukurasa wa pili macho yanarudi kwenye ukurasa wa kwanza. Msomaji mzuri akinisomea, ananibeba. Neno nisilolijua linapita limevikwa hasira au kejeli ya anayelisema, naelewa mwelekeo. Wolf Hall ya Hilary Mantel, iliyopata tuzo ya Booker 2009, wenye shahada zao wanalalamika kwamba mwandishi anasema "he" mpaka hujui ni nani, kwa sababu karibu kila mara ni Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, lakini hamtaji. Mimi sikupata shida hiyo. Nimesikiliza toleo la Ben Miles, mwigizaji aliyemcheza Cromwell jukwaani, na sauti yake ikigeukia kwa Cromwell unajua tu umeingia ndani ya kichwa chake. Yale yanayowachanganya wenye macho, masikio yalishayamaliza. Kitabu cha tatu cha mfululizo huo, cha 2020, kinakaribia saa 40. Kilinitoa msimu mzima wa sare za shule.

La Bwana Msa ndilo linaloniuma, nilikuwa nalisogelea polepole. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda shindano la waandishi la East African Literature Bureau kabla ya kuchapishwa 1960. Ni yule mtu na kiko chake, Najum pembeni anashangaa, maiti ya Bwana Ali kwenye mzimu. Kisha Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri. Kuna pia Inspekta Wingo wa Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, 1965. Niambie mwalimu, nikitaka kuvisikiliza vimesomwa vizuri na kwa idhini, niende wapi?

Ninachokikuta YouTube ni kijana mwenye sauti nzuri kabisa, Mungu kampa, halafu chini yake kaweka kinanda cha huzuni kinachojirudia kila sekunde 20. Maiti inapatikana, kinanda kilekile. Mtu anakunywa chai, kinanda kilekile. Tunakaribia kumjua muuaji, anasimama: "kabla sijaendelea, bonyeza kengele". Ningekuwa Bwana Msa ningemshitaki yeye.

Mnyalukolo (Gangilonga, Iringa)

Kamwene wote. Nimecheka hiyo ya kinanda.

Mshona Suti, umeahidi za kihistoria, mbona unazunguka? Na nikuulize swali moja: hizo za wafalme wa Uingereza zinakuhusu nini wewe uliyezaliwa Mbeya?

Mshona Suti

Swali halali. Zinanihusu kwa sababu zimesomwa na kurekodiwa. Za kwetu zipo kabatini.

Haya, za kihistoria. Hapa msomaji ana kazi tofauti kabisa. Kwenye upelelezi kazi yake ni kuficha. Kwenye historia hakuna cha kuficha, kila mtu anajua Anne Boleyn, mke wa mfalme Henry, alikatwa kichwa 1536, huwezi kunishtua na hilo. Kazi yake ni kunifanya niamini kwamba wale watu siku ile asubuhi hawakujua. Asome bila sauti ya mnara wa kumbukumbu. Wasomaji wengi wa riwaya za kihistoria wanasoma kama wanahutubia kwenye msiba wa kiongozi, kila sentensi nzito. Watu wa zamani nao walikuwa wanatania, wanadaiwa, wanaumwa meno.

The Name of the Rose ya Umberto Eco ina vyote viwili, upelelezi na historia. Monasteri Italia, mwaka 1327, watawa wanakufa mmoja mmoja, na mpelelezi ni mtawa William wa Baskerville, jina linalomsalimia Holmes waziwazi. Maoni yangu yatawaudhi wasomi: kwa masikio, robo ya kwanza ni adhabu. Kilatini kinamwagika bila tafsiri na mjadala wa kama Yesu alimiliki mali unachukua karibu kipande kizima cha suruali. Eco mwenyewe alisema kurasa zile mia za mwanzo ni kitubio cha makusudi, anayetaka kufika monasteri apande mlima. Sawa mzee, lakini anayesoma kwa macho anaweza kuruka kurasa kadhaa kimyakimya. Mimi kila nikisogeza mbele dakika chache natua katikati ya sentensi ya Kilatini.

Na kuna kitu kingine kinaniudhi kwenye za kihistoria zinazogusa huku. Msomaji wa ng'ambo akifika kwenye majina yetu anajikwaa. Niliwahi kumsikia mmoja, jina sitaji, anautamka mji wa kwetu kama ugonjwa wa tumbo. Jina la mtu lililoharibiwa linakutoa kwenye hadithi moja kwa moja. Ndiyo maana nilifurahi Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilipotoka kwa Kiswahili 2022, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota. Niliisoma kwa macho, mwalimu furahi. Lakini kila ukurasa nilikuwa namsikia msomaji ambaye hayupo. Ile misafara ya kwenda bara, wale wafanyabiashara wanavyosemana, ile kejeli yao, inadai sauti.

Mnyalukolo (Gangilonga, Iringa)

Umenigusa sasa. Nami nina langu, na linaziba pengo kati ya hizo aina zako mbili.

Mnaujua mkasa wa fuvu la Mkwawa, mtawala wetu Wahehe, au mnajua tu kwamba lipo Kalenga? Lugalo 1891, kamanda wa Kijerumani von Zelewski anauawa na jeshi lake linasambaratika. Oktoba 1894 Wajerumani wanaibomoa ngome ya Kalenga. Mkwawa anaingia porini miaka minne. Julai 1898 wanamfikia, amekwishajiua, sajini Merkl anaamuru kichwa kikatwe. Mwili ulizikwa Mlambalasi, kichwa kikaenda zake. Mwaka 1919 kinaibuka mahali ambapo hakuna aliyekitarajia: Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa. Wajerumani wanasema hawalijui liliko. Miaka inapita, vita nyingine inapita. Mwaka 1953 Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, anakwenda jumba la makumbusho Bremen, Ujerumani, anakuta mafuvu kwa mafuvu. Wanayapima, wanalinganisha na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai, wanachagua moja. Tarehe 19 Juni 1954 anakabidhiwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wake, yule aliyekuja kuwa Spika wetu.

Wakuu, hiyo ni upelelezi au historia? Una maiti, una kielelezo kilichopotea, una mashahidi wanaokana, na una swali ambalo mpaka leo watu wanalijadili: fuvu walilolichagua ni lenyewe? Mwandishi anahitaji nini tena? Mulokozi ameandika tamthilia ya Mukwava wa Uhehe, lakini hiyo ni ya Mkwawa aliye hai. Mimi nataka ya kichwa.

Mshona Suti

Mnyalukolo, hapo umenimaliza. Na kitabu cha kukupa ramani kipo: The Daughter of Time ya Josephine Tey, 1951. Inspekta amelazwa hospitali, mguu umevunjika, hana la kufanya. Anaonyeshwa picha ya mfalme Richard wa Tatu, yule anayesingiziwa au kutuhumiwa kuwaua wapwa zake watoto kwenye Mnara wa London, anasema uso huu si wa muuaji. Basi kitabu kizima ni mtu kitandani anaagiza vitabu na nyaraka, anapima nani alisema nini, lini, na alifaidika na nini. Hakuna bastola, hakuna anayekimbia. Derek Jacobi amekisoma, na ndiye msomaji anayenifaa kuliko wote niliowahi kuwasikia, kwa sababu anasoma kama mgonjwa aliyechoshwa na uji wa hospitali, siyo kama mwanahistoria.

Na mifupa ya Richard mwenyewe ilipatikana 2012, Leicester, chini ya maegesho ya magari. Yeye walimthibitisha kwa vinasaba. Sasa mweke mpelelezi wako Iringa, hospitali ya mkoa, mguu umevunjwa na bodaboda Ipogolo, mpwa wake anamletea nyaraka kutoka maktaba. Swali moja tu: Twining alikuwa na sababu gani ya kutaka fuvu lipatikane haraka? Ilikuwa miaka ya 1950, mambo yanaanza kuchemka. Kitabu kinajiandika.

Chai ya Mufindi

Mkiwa na Kalenga yenu, na sisi tuna mashamba ya chai na makaburi ya Wajerumani. Halafu Chunya je? Machimbo ya dhahabu ya Lupa miaka ya 1930, watu wamejaa kutoka kila kona, Wazungu waliofilisika, vibarua, wenye maduka, na Mbeya inakua kwa sababu hiyo. Mtu anakutwa amekufa kwenye shimo na mfuko wa dhahabu haupo. Safari hii simtaji muuaji.

Mshona Suti

Umekua.

Mzee wa Redio (Njombe)

Vijana hamjambo. Nawasoma tu kila siku, leo nimeona niseme. Mnaongea kana kwamba kusikiliza hadithi kumekuja na simu. Sisi tulikaa kwenye Redio Tanzania kusikiliza michezo, Pwagu na Pwaguzi, baadaye Twende na Wakati tangu 1993. Hapakuwa na kurudisha nyuma wala kusogeza mbele. Ukikohoa umekosa. Na hapakuwa na kinanda kila mahali. Mlango ukilia, ujue kuna mtu anaingia kweli. Mafundi wale walijua kunyamaza. Hawa wa sasa wanaogopa kimya.

Mshona Suti

Shikamoo mzee. Hilo la kuogopa kimya ningelijua mapema ningefupisha uzi wangu wote. Kwenye upelelezi kimya ni ushahidi. Shahidi anaulizwa alikuwa wapi, anachelewa kujibu. Ukiweka kinanda hapo umeufuta.

Mwalimu Tukuyu

Marahaba Mshona Suti, kwa salamu yako ya juu. Nimelainika kidogo, si sana.

Ila nina swali la kiutendaji. Kwa nini tusifanye kama hao LibriVox? Tukusanyane watu wenye sauti, tusome Bwana Msa wenyewe, tuweke bure. Wanafunzi wangu wangefaidika.

Mshona Suti

Kwa sababu mwalimu, utashitakiwa, na aliyekushitaki atakuwa na haki. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 inalinda kazi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Conan Doyle alifariki 1930, ndiyo maana kila mwenye maikrofoni anamsoma. Muhammed Said Abdulla alifariki 1991. Piga hesabu: mpaka mwisho wa 2041. Ben Mtobwa, aliyemtunga mpelelezi Joram Kiango, alifariki 2008, hapo unaongelea 2058. Musiba, aliyemtunga mpelelezi Willy Gamba, alifariki 2010. Hao vijana wa YouTube wengi wanasoma kazi za watu wenye familia na warithi, na warithi hawapati hata nauli.

Njia iliyopo ni kwenda kwa mchapishaji na familia, kuandikiana, kulipana. Ni ngumu, lakini haihitaji kusubiri 2041. Na ukiniuliza nani aanze, nasema Musiba. Kufa na Kupona ilipotoka 1974 ilikuwa riwaya ya siku zile, harakati za ukombozi, Dar imejaa wapigania uhuru na majasusi. Leo ukiifungua imeshageuka kuwa ya kihistoria yenyewe bila mwandishi kuomba. Msomaji mzuri atakupa mbio za Willy Gamba na harufu ya Dar ile kwa pamoja. Baada ya hapo Kuli ya Shafi Adam Shafi, mgomo wa Unguja wa 1948. Hiyo inafaa kusomwa na watu wawili watatu kwa zamu, kwa sababu bandarini pale hakuna anayeongea peke yake.

Mnyalukolo (Gangilonga, Iringa)

Nani atamsoma Bwana Msa? Tusije tukaweka mtu wa bara na lafudhi yake.

Mshona Suti

Mtu wa Makunduchi, alikotoka mwandishi. Hilo kwangu halina mjadala. Utani wa Msa na Najum unakaa kwenye mdundo wa Unguja, mimi nikiusoma kwa Kisafwa changu unakufa.

Mwalimu Tukuyu

Hapo napinga. Msomaji bora ni anayeelewa, siyo anayetoka. Stephen Fry hakuzaliwa Baker Street, mtaa wa Holmes.

Mnyalukolo (Gangilonga, Iringa)

Mwalimu, basi ya Mkwawa uisome wewe Mnyakyusa tuone utakavyotamka Lukosi.

Mwalimu Tukuyu

Nitaitamka vizuri kuliko huyo Mhehe wako atakavyotamka Versailles.

Mzee wa Redio (Njombe)

Nipeni mimi zote mbili. Mbena hana upande.

Dereva wa Semi

Wakuu samahani kwa kukatiza ugomvi. Niko mizani Makambako, foleni ndefu. Ule wa mbwa nimeupakua, msomaji mmoja kama dada alivyoelekeza, Kitonga nilizima, nikawasha Ilula, sikupotea. Sasa kuna huyu mtumishi wa nyumba mwenye ndevu nyeusi, usiku anazunguka na mshumaa dirishani. Msomaji kampa sauti ya kukwaruza. Dada, kwa hoja yako ya sauti, huyu si ndiye?

Mshona Suti

Endesha gari.